Miji Mitatu na Shati la Mistari

Nyumba za wafanyakazi wa hospitali,
Tarehe 3, mwezi wa pili

Mdogo wangu Kilo,

Magoti yangu hunisalimia kila asubuhi kabla sijamsalimia mtu, lakini nipo, na Mungu hajanichoka. Wewe je, unakula?

Barua ya kustaafu imefika. Karani aliileta mwenyewe mpaka chumba cha kufulia, ameishika kwa ncha za vidole kama kitu cha moto. "Mama Povu, hongera," akasema. Miaka thelathini na moja nimefua mashuka ya hospitali hii, Kilo, nimeambiwa hongera mara moja, na yenyewe ni ya kuondoka. Mwisho wa mwezi wa sita nakabidhi ufunguo wa nyumba. Mama atakayeingia ameshakuja kupima dirisha kwa ajili ya pazia lake, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo nakunywa chai. Ikabidi nimshikie ncha ya futi.

Sasa umefika wakati wa lile neno letu tulilopatana siku ile tumetoka kumzika mama. Nikistaafu tukae pamoja wewe na mimi, vyumba viwili na jiko, katika mmoja wa miji mitatu ya jimbo letu, tuzeeke tukibishana. Wewe huna mke, mume wangu mimi yuko kwa Mungu, na watoto hatukujaliwa. Nani atatuvumilia kama si sisi wenyewe?

Kazi yako ya kukagua mizani inakupitisha miji yote mitatu. Niangalizie. Mimi sijafika hata mmoja, naijua kwa mashuka tu. Mashine za kufulia za hospitali zao zikiharibika, mzigo huletwa kwetu, na kila hospitali hushona alama kwa uzi wa rangi yake nguo zisichanganyike. Wetu ni mwekundu. Wa buluu ni Mji wa Ngazi, wa njano Mji wa Daraja, wa kijani Mji wa Vumbi. Kwa mashuka peke yake ningesema Mji wa Vumbi watu wanatoka jasho sana.

Niangalizie maji, ngazi (unayajua magoti), kanisa ninaloweza kulifikia kwa miguu, na majirani. Nataka kuhama mara moja tu. Mgongo wangu na kabati la mama hawana safari ya pili.

Nikwambie siri ambayo hata mchungaji sijamwambia. Nimechoka, Kilo. Mama nilimuuguza miaka sita, mume wangu minne. Ninapokunja shuka bado nasikia mtu ananiita kutoka chumbani. Nimemwomba Mungu kitu kimoja tu: katika nyumba hiyo mpya nisiuguze mtu tena. Anisamehe kama ni dhambi.

Barua nazielekeza ofisini kwenu kama siku zote, wao watajua uliko.

Dada yako,
Povu

*

Mji wa Ngazi,
Tarehe 17, mwezi wa pili

Dada Povu,

Shikamoo mara tatu, moja kwa kila mji.

Nimeanza na huu wa juu. Dada, aliyeujenga mji huu alikuwa na ugomvi na magoti ya watu. Toka stendi mpaka sokoni ni ngazi mia mbili na kumi na mbili. Nimezihesabu kwenda na kurudi, nikidhani labda wakati wa kushuka zitapungua. Sanduku la mawe yangu ya kupimia lilikuwa mkononi, na kila nilipopumzika palitokea bibi mwenye mzigo kichwani ananipita, ananiambia, "Pole, babu." Babu! Mimi, mwenye miaka hamsini na miwili!

Maji ni mazuri kweli, baridi mpaka meno yanauma, na hayakatiki. Majirani wanasalimiana kutoka ngazi hadi ngazi kwa kupiga kelele, kwa hiyo siri usilete huku. Kanisa ni zuri, lina kengele, lakini limekaa juu ya ngazi nyingine sitini na nne. Ukilifikia umeshasamehewa dhambi zote njiani.

Sokoni nilimkuta mama muuza maharage. Mizani yake ilinitazama vibaya tangu mbali. Nikaigeuza sahani, chini yake donge la nta.

"Mama, hii ni nini?"

"Nta."

"Inafanya kazi gani?"

"Inazuia kutu."

"Mbona inazuia kutu upande wa maharage tu?"

"Upande wa pili hauna kutu, mwanangu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye gunia lake. Lakini sheria ni sheria. Sahani ikikutwa na nta, vipimo vyote vilivyotangulia vinafutwa, na upimaji unarudiwa mbele ya yule aliyepunjwa. Tukamwita mteja wake, tukapima upya. Mama yule alimwongezea maharage huku ananitazama kama vile mimi ndiye niliyeiba.

Hukumu yangu: Mji wa Ngazi ni mzuri kwa mbuzi. Tuuache.

Jioni viatu vilinibana mpaka kamba zake hazifikiani. Ngazi hizo. Nikipumzika nitakwenda Daraja, halafu Vumbi. Usihofu, nitapima kwa haki. Hii ndiyo kazi pekee ninayoiweza duniani.

Mdogo wako,
Kilo

*

Nyumba za wafanyakazi,
Tarehe 26, mwezi wa pili

Kilo,

Marahaba, babu.

Barua yako niliisoma kwa sauti katika chumba cha kufulia, mashine zilipokuwa zimezimwa. Mpiga Pasi alicheka mpaka akaunguza foronya, na sasa anaita kila doa "kinga ya kutu". Tumegawanyika. Mpiga Pasi anasema niende Daraja kwa kuwa mashuka ya uzi wa njano huja bila madoa mengi, maana yake watu wake ni wastaarabu. Mimi nikamwambia labda hawatumii mashuka kabisa.

Lakini hayo ya viatu hayakunichekesha. Ngazi huumiza magoti, hazivimbishi miguu jioni. Mume wangu alianza hivyo hivyo kwa viatu, na mimi nikamnunulia vikubwa zaidi, ndiyo dawa niliyoijua. Nenda ukaonwe. Punguza chumvi. Ukiniandikia Daraja, anza na miguu kabla ya mji.

Nakuombea kila alfajiri, jina lako liko la pili baada ya la marehemu wote. Usiniharibie mpangilio.

Dada yako,
Povu

*

Mji wa Daraja,
Tarehe 21, mwezi wa tatu

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi ilikuwa nyingi. Miguu haijambo.

Huu ndio mji wako. Hauna ngazi. Maji yapo. Kanisa liko karibu. Watu ni wema. Nimeona nyumba ya vyumba viwili na jiko, ina kibaraza cha kuanikia nguo. Mama mwenye nyumba ni mtu mwema sana, na amekubali kukusubiri mpaka mwezi wa sita.

Mji wa Vumbi nimeupitia pia. Usiufikirie hata kidogo. Kiwanda cha saruji kinamwaga unga juu ya kila kitu. Nguo nyeupe ukiianika saa mbili, saa nne ni ya kijivu. Maji ni mara mbili kwa wiki. Majirani hawasalimiani. Kanisa sikuliona. Katika miji mitatu ni wa mwisho, na ingekuwa minne ungekuwa wa tano.

Jambo lingine. Ratiba yangu ya kazi imebadilika. Nadhani sitaweza kukaa nawe moja kwa moja kama tulivyosema. Utakaa wewe, mimi nitakuwa nakuja kukutembelea. Usikasirike. Ni kazi.

Nimekutumia mashati matatu kwa basi. Naomba uyapunguze ubavuni, kutembea kumenikausha kidogo. Na mkono wa kushoto uupasue mpaka juu ya kiwiko, utie vifungo, niweze kuukunja upesi ninaponyanyua mawe ya mizani. Lile la mistari na kola yake imechakaa, uigeuze ukipata nafasi.

Mdogo wako,
Kilo

*

Nyumba za wafanyakazi,
Tarehe 1, mwezi wa nne

Mdogo wangu,

Marahaba. Mashati nimeyapata. Mawili nimeyamaliza na nimeyarudisha ofisini kwenu kwa basi la leo. La mistari nimebaki nalo, kola yake inataka jua na utulivu, vitu viwili ambavyo sina wiki hii.

Nimepunguza ubavuni vidole vinne kila upande. Vidole vinne, Kilo! Huko si kukauka, huko ni kubaki fremu. Na mkono wa kushoto umenitatiza. Tangu utoto wewe hunyanyua kwa mkono wa kulia. Hata kofi ulinipiga kwa wa kulia, nikakurudishia kwa yote miwili. Siku hizi mawe ya mizani yamehamia kushoto?

Tena nikwambie ukweli unaonikera. Barua yako ya Ngazi ilikuwa na kurasa nne, na mpaka leo namsikia yule mama wa maharage. Ya Daraja ni ukurasa mmoja, na ndani yake hakuna mtu hata mmoja anayefungua mdomo. "Kanisa liko karibu." Karibu ni hatua ngapi? "Watu ni wema." Nani, amefanya nini? Wewe mtu wa kuhesabu ngazi kwenda na kurudi!

Halafu hilo la kutokukaa nami. Nililisoma mara tatu, nikaweka barua chini ya Biblia, nikaenda kufua. Mashuka mia moja na arobaini siku hiyo, na sikumbuki hata moja.

Mpiga Pasi ndiye aliyenifungua macho. Alilishika shati lako akaligeuza geuza, akasema, "Mama Povu, hapa pana mwanamke. Mwanaume akitaka shati libane ubavuni, yupo anayemtazama ubavu." Nikamwambia aache upuuzi. Usiku wake nikawaza: mama mwenye nyumba, mtu mwema sana. Umeandika "sana". Hujawahi kumwandikia mtu "sana".

Kama umepata mwenzio, niambie, mdogo wangu. Sitakasirika. Nitaumia kidogo halafu nitafurahi, moyo una foleni yake. Ila usinifiche nyuma ya ratiba ya kazi. Nimeishi na watu waliokuwa wananificha maumivu yao ili wanipunguzie mzigo, na hakuna mzigo mzito kama huo.

Dada yako,
Povu

*

Mji wa Daraja,
Tarehe 9, mwezi wa nne

Dada Povu,

Shikamoo.

Wewe na Mpiga Pasi mngefaa kuwa mahakimu. Sikatai, na zaidi ya hapo sisemi. Mambo mengine hayakai vizuri kwenye karatasi. Chukulia hivyo mlivyochukulia.

Naomba kitu kimoja tu. Nenda Daraja mwezi wa sita, uingie kwenye nyumba ile, uanike nguo zako mwenyewe kwa mara ya kwanza bila haraka. Amka unapotaka. Umewabeba watu wawili mpaka kaburini, na sala yako ya mwezi wa pili niliisoma vizuri kuliko unavyodhani. Inatosha, dada. Wa tatu asikukute njiani.

Shati la mistari usilitume. Siku moja nitalifuata mwenyewe.

Mdogo wako,
Kilo

*

Mji wa Vumbi,
Tarehe 23, mwezi wa nne, saa tatu asubuhi

Kilo,

Niko hapa chini.

Usishtuke, na usianze kupanga uongo mwingine, utajichosha. Barua hii anakuletea mfuaji wa hospitali yako, mama mwenye kilemba cha buluu. Mlinzi amesema saa ya kuona wagonjwa ni saa kumi, na mimi siwezi kukaa na maneno haya tumboni mpaka saa kumi. Isitoshe tumeshazoea kuambiana mambo kwa barua. Tukionana ghafla tutalia bure, na wewe ukilia unakoroma.

Shati la mistari ndilo lililosema. Jumapili nimetoka kanisani, nikaketi mlangoni kuigeuza kola. Nilipoigeuza kola nikaona nigeuze na shati zima nikague mishono. Kwenye pindo la nyuma, upande wa ndani, kuna alama ambayo yale mawili hayakuwa nayo, imeshonwa: herufi F na namba tisa, kwa uzi wa kijani.

Wewe umezoea kupima vitu, hukuzoea kuvigeuza ndani nje. Mgonjwa asiye na ndugu wa kumfulia, nguo zake hufuliwa na hospitali, na kabla ya kuingizwa mashine hushonwa herufi ya wodi na namba ya kitanda. Nimeshona alama hizo maisha yangu yote, Kilo. F ni wodi ya figo. Katika jimbo zima hospitali yenye wodi hiyo ni moja tu, na uzi wake ni wa kijani.

Nikakaa pale mlangoni mpaka chai ikaota utando. Kwanza nilikasirika kwamba uliniacha nisononeke kwa mwanamke asiyekuwepo. Pili nikakumbuka viatu. Tatu mkono wa kushoto, maana mashuka ya wodi kama hiyo nayajua, damu hukaa upande ule ule siku zote, upande wanaochomeka mipira ya mashine ya kusafisha damu. Hapo ndipo nikajua kwa nini Mji wa Vumbi ulikuwa wa tano katika miji minne.

Umebandika nta chini ya sahani, mdogo wangu. Wewe!

Nikachukua likizo yangu ya mwisho. Mpiga Pasi alinisindikiza stendi akiwa analia, anasema tafsiri yake ya ubavu haikuwa mbali sana, maana wauguzi nao hutazama ubavu.

Sasa nami nikupe ripoti yangu, kwa kuwa mji huu nimeupima kwa miguu yangu mwenyewe tangu jana jioni. Vumbi ni kweli, hapo hukudanganya. Nimepiga chafya kumi na moja, na kitambaa changu cheupe kimeota mvi kama mzee. Ngazi hakuna hata moja, hilo hukuliandika. Maji ni mara nne kwa wiki, si mbili. Majirani hawasalimiani? Kabla sijafika geti la hospitali nilisalimiwa na watu tisa, na mmoja alinibebea mfuko akanieleza habari za mkwewe mpaka mwisho. Na kanisa ambalo hukuliona, Kilo, liko mkabala na wodi yako. Mfuaji ananiambia kitanda namba tisa kinatazamana na mnara wake. Ulikuwa unaandika uongo huo huku kengele inakugongea sikioni?

Mfuaji huyu ni mtu. Nilimkuta uani anaanika, nikamwambia mimi ni wa uzi mwekundu. Akaliacha beseni akanikumbatia na mikono yake yenye maji. "Ndiwe wewe unayetukunjia mashuka kama bahasha!" Miaka ishirini tunafahamiana kwa mikunjo, hatujawahi kuonana. Ndiye aliyenieleza yote, maana wafuaji hujua kila kitu ila hakuna anayetuuliza. Amesema ulidondoka sokoni Daraja mwanzoni mwa mwezi wa tatu, siku ya pili ya ukaguzi, ukaletwa hapa. Amesema mashine imekukubali, unakaa nayo mara tatu kwa wiki, na unaweza kwenda hivyo miaka mingi ukishika masharti. Amesema barua zako alizibeba dereva wa ofisi yenu, akazitia posta kule Daraja.

Amesema na la mwisho. Umeshapona kiasi cha kutoka wodini, lakini kuna wiki ya tatu sasa hawakuruhusu, kwa sababu ya mstari mmoja kwenye fomu: "Akitoka ataishi na nani, na wapi." Umeuacha wazi. Daktari akikuuliza unamwambia bado unafikiri.

Nisikilize. Ile sala yangu ya mwezi wa pili ilitoka kwenye kinywa cha mtu aliyechoka. Mungu hayachukui maneno ya mtu aliyechoka kama kiapo. Wewe ndiye uliyeyachukua. Ni mimi niliyekufunga mdomo bila kujua, na hilo nitalitubu mwenyewe, usinisaidie.

Sitakudanganya kwamba sichoki tena. Nimechoka hivi sasa ninavyoandika, nimekaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje na miguu imewekwa juu ya mfuko. Lakini mama na mume wangu niliwauguza huku nawaaga. Wewe unaondoka asubuhi unakwenda kukaa kitini kwa muda wa saa nne, unarudi una njaa na hasira. Huko si kuuguza, huko ni kuwa na mume mwenye kazi, na hilo nimeshalifanya pia. Kitu ambacho siwezi, Kilo, ni kukaa Daraja kwenye kibaraza kizuri, naanika nguo bila haraka, nikisubiri barua zenye ukurasa mmoja.

Nimepata vyumba viwili na jiko nyuma ya hospitali. Chini kabisa, hatua mia tatu na arobaini mpaka kwenye mashine yako, nimehesabu kwenda na kurudi. Dirisha la jikoni haliwezi kuachwa wazi kwa vumbi, nguo nitaanika ndani. Nimemwambia mwenye nyumba nitampa jibu leo jioni.

Jibu liko kwako. Kama kweli hunitaki karibu, sema, nitapanda basi la Daraja nikamwone huyo mama mwema sana, kama yupo. Kama unanitaka, chukua kalamu uujaze ule mstari. Sitaujaza mimi. Nimewajazia watu mistari yao mingi, huu ni wako.

Shati nimekuja nalo. Uzi sijautoa.

Dada yako,
Povu

*

Wodi F, kitanda 9,
Tarehe hiyo hiyo, saa tano

Dada,

Shikamoo. Nimekuona dirishani. Umeegemeza mgongo ukutani na umevua kiatu kimoja, watu wanakuruka. Vaa kiatu.

Mama mwenye nyumba wa Daraja yupo kweli. Ana miaka themanini na mbili, haoni vizuri, alinipa uji siku ile kabla sijadondoka. Hiyo "sana" ilikuwa ya uji.

Kanisa nalisikia kila saa. Saa kumi na mbili asubuhi kengele ikigonga, nilikuwa nawaza kwamba jina langu ndipo linapopita kwako, la pili baada ya marehemu wote, halafu nasikia vibaya. Niliogopa usije ukanihamishia kwenye kundi la kwanza.

Sikutaka uuguze tena. Hilo halikuwa na nta. Mengine yote yalikuwa nayo.

Kwa hiyo nafuta vipimo vyangu vyote vya tarehe 21 mwezi wa tatu, na vya tarehe 9 mwezi wa nne. Sheria unaijua: upimaji unarudiwa mbele ya aliyepunjwa. Njoo saa kumi. Mlinzi akikuzungusha, usibishane naye, mwulize habari za mwanawe anayesoma, utapita.

Mstari nimeujaza. Muuguzi alikuwa amesimama hapa, akaniuliza, "Utaishi na nani?" Nikasema na Povu. Akasema hilo si jina. Nikasema basi andika dada. Akaniuliza, "Mdogo au mkubwa?" Nikamwambia subiri saa kumi, ukimsikia anavyoongea utajua. Akacheka, akaniachia kalamu, nikaandika mwenyewe: dada yangu mkubwa, nyuma ya hospitali, hatua mia tatu na arobaini.

Daktari amepita sasa hivi. Ameitazama fomu, akatazama dirishani, akasema Alhamisi naweza kutoka.

Njoo na kile kimkasi chako kidogo. Huo uzi ufumue mbele yangu.

Kilo